Homuweki ya mtoto wa darasa la saba: kiasi kinachotosha na jinsi ya kuipanga nyumbani

Jibu fupi kwanza, maana mzazi wa mtoto wa darasa la saba hana muda wa hadithi: saa moja na dakika kumi kwa siku ya shule. Ikifika Julai na Agosti, mtihani ukiwa mlangoni, inaweza kusogea hadi saa moja na nusu, basi. Na humo mnaingia vyote: homuweki ya shule, tuisheni ya mtaani, maswali aliyotungiwa na baba, na ile karatasi ya Hisabati iliyotumwa kwenye grupu la wazazi saa mbili usiku.

Wapo watakaosema ni kidogo mno. Pita kituo cha daladala Tegeta au Mbagala Rangi Tatu, hapa Dar es Salaam, saa moja usiku, utawakuta watoto wamevaa sare, mabegi mgongoni, wanatoka tuisheni huku wanapiga miayo. Nyumbani daftari tatu zinawasubiri. Wazazi wao si wakatili, wana hofu tu. Hofu hiyo ipimwe kwanza. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja C linaanzia alama 121, na mwenye C amefaulu. Mwaka 2023 na 2024 waliofaulu nchi nzima walikuwa takribani wanane kati ya kila kumi. Mtoto anayeelewa darasani hayuko ukingoni mwa shimo. Wanaogombania nafasi finyu kweli ni wale wanaolenga shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, au shule binafsi zenye usaili wake. Kama mwanao yumo kwenye kundi hilo, sawa, lakini hata yeye hafiki huko kwa kusinzia juu ya daftari.

Jambo lingine linalopandisha presha ni mwaka 2027, ambapo darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani wanatarajiwa kumaliza pamoja. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mzazi wa darasa la saba, na pia wa mzazi wa darasa la sita ambaye mtoto wake ndiye anayefunga shule ya msingi.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujalalamika

Mzazi akiulizwa homuweki ni nyingi kiasi gani, husema "nyingi sana". Mwalimu akiulizwa, husema "dakika ishirini tu". Wote wawili wanakisia. Chukua kauntabuku iliyobaki kurasa za nyuma, chora safu tano: somo, alianza saa ngapi, alimaliza saa ngapi, kazi ilikuwa nini, nani alimsaidia. Jaza Jumatatu hadi Ijumaa. Mfano wa siku moja unaweza kusomeka hivi:

Jumanne. Hisabati, saa 12:40 hadi 1:35, maswali 40 ya sehemu, kamaliza 31, kasaidiwa na dada. Maarifa ya Jamii, saa 1:50 hadi 2:45, kunakili notisi kurasa nne, hakuna msaada. Sayansi, saa 3:00, kuchora mfumo wa chakula na kupaka rangi, kalala kabla ya kumaliza.

Usimsimamie kama mkaguzi, na usimwambie unapima kasi yake, maana ataandika haraka ili akufurahishe. Muda wa kutafuta ufutio, kunywa maji na kugombana na mdogo wake uhesabu pia, ila uwekee alama pembeni. Ijumaa jumlisha. Mara nyingi utakuta kitu ambacho hukukitegemea: sehemu kubwa ya usiku haikwendea kwenye maswali magumu, imekwendea kwenye kunakili.

Hatua ya pili: hesabu kuanzia kitandani, urudi nyuma

Wengi tunaanza na homuweki, kisha usingizi unapata kilichobaki. Geuza. Wataalamu wa usingizi wa Marekani, kwenye mwongozo wao wa mwaka 2016, walisema mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Wa darasa la saba wengi wako kwenye mpaka wa makundi hayo mawili, kwa hiyo chukua saa 9 uwe salama.

Sasa mchukue mtoto anayeishi Bunju na kusoma mjini. Gari la shule linapita alfajiri, kwa hiyo anaamka saa 11:00. Ili apate saa 9 ni lazima saa 2:00 usiku awe kitandani. Anarudi nyumbani saa 10:30 jioni. Kati ya saa 10:30 na saa 2:00 ana dakika 210. Toa dakika 30 za kuoga na kutia kitu tumboni, 45 za kucheza, 30 za vyombo na kufua soksi na shati la kesho, 35 za chakula cha usiku na sala. Zinabaki 70. Hizo ndizo za homuweki. Hakuna nyingine zilizofichwa mahali.

Kila nyumba ina hesabu yake. Mtoto wa Tandika anayekwenda shule kwa miguu na kuamka saa 12:00 ana nafasi kubwa zaidi. Anayekwenda madrasa saa 10:00 hadi 12:00 jioni ana ndogo, na hapo usikate usingizi wala mchezo. Ongea na ustadhi kuhusu siku mbili za wiki za kumruhusu mapema muhula wa mtihani, maana wengi wao ni waelewa ukiwaendea kwa adabu. Anayeamshwa saa 10:00 usiku kwa sababu gari la shule linaanzia mzunguko kwao, tatizo lake ni gari. Peleka malalamiko huko kwanza, kabla hujamgusa mwalimu.

Watakaokata mchezo wa dakika 45 wajue wamekata nini. Mtoto ameketi tangu saa 2:00 asubuhi. Asipokimbia jioni atakimbiakimbia kwenye kiti usiku, na dakika 70 zitazaa kazi ya dakika 30.

Hatua ya tatu: weka dari

Marekani kuna kanuni ya siku nyingi inayoungwa mkono na chama kikuu cha walimu na chama cha wazazi na walimu cha huko: dakika kumi kwa kila darasa. La kwanza kumi, la tano hamsini, la saba sabini. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyepitia tafiti nyingi za homuweki na kutoa matokeo mwaka 2006, aliona kuwa uhusiano wa homuweki na alama ni hafifu kwa watoto wa shule ya msingi, unaimarika wakifika sekondari. Na hata sekondari ya chini, faida inafika mahali inasimama. Kuongeza muda hakuongezi alama.

China, nchi ambayo hakuna atakayeisema kwa uvivu wa masomo, ilitoa agizo mwaka 2021: darasa la kwanza na la pili hakuna homuweki ya kuandika, la tatu hadi la sita isizidi dakika 60, sekondari ya chini isizidi 90. Ufaransa homuweki ya kuandika shule ya msingi ilipigwa marufuku tangu mwaka 1956, ingawa walimu wa huko nao wanajulikana kwa kuizunguka marufuku hiyo.

Mtu atasema hizo ni nchi za watu, madarasa yao yana watoto thelathini. Kweli. Ila uchovu wa mtoto wa miaka 13 hauna uraia. Na kama shule yetu inafundisha kwa tabu kwa sababu ya msongamano, kumrundikia mtoto maswali arobaini ambayo hakuna atakayeyasahihisha hakuondoi msongamano.

Kwa hiyo dari: la tano dakika 50, la sita 60, la saba 70. Wiki nane za mwisho 90. Dari si lengo. Siku akimaliza kwa dakika 35 na kazi ni safi, mwache akacheze, usimwongezee. Mtoto akiona kwamba kumaliza mapema kunaleta adhabu ya kazi nyingine, atajifunza kuchelewa.

Hatua ya nne: chambua kazi yenyewe

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hiyo kaa napo.

Chukua zile kazi ulizoandika wiki nzima, uzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kazi inayomlazimisha mtoto kufikiri au kukumbuka: maswali ya Hisabati ya mada aliyokwisha kufundishwa, insha fupi, kujibu bila kufungua daftari, kusoma habari na kuieleza. Fungu la pili ni kazi ya mkono: kunakili notisi, kuandika swali zima kabla ya jibu, kupaka rangi, kuandika methali moja mara ishirini. Fungu la pili halina dhambi, ila likila zaidi ya robo ya usiku, limekula chakula cha wenyewe.

Sasa tazama yale maswali 40 ya sehemu kwa karibu. Mtoto anajumlisha tatu ya nne na mbili ya tano, yaani ¾ + ⅖. Anajumlisha juu kwa juu anapata 5, chini kwa chini anapata 9, anaandika 5/9 na kuendelea. Kwenye swali la pili anafanya hivyo hivyo. Akifika la arobaini amelizoea kosa hilo kama njia ya kwenda nyumbani. Umempa mazoezi, lakini mazoezi ya kukosea.

Ukilikamata swali la kwanza, kazi ni ya dakika tano. Muulize: ulikuwa na robo tatu ya mkate, ukaongezewa kipande, sasa una zaidi au pungufu ya ulichokuwa nacho? Atasema zaidi. Mwonyeshe kwamba 5/9 ni ndogo kuliko ¾. Atashtuka mwenyewe. Kisha mtafute kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 5, ambacho ni 20: ¾ inakuwa 15/20, ⅖ inakuwa 8/20, jumla 23/20, yaani moja na 3/20. Afanye mengine matatu mbele yako. Akiyapata, chagua mengine sita kwenye ile orodha, mawili rahisi, mawili ya kati, mawili yenye namba mchanganyiko. Kumi yametosha. Thelathini yaliyobaki hayamfundishi jipya usiku huo.

Mzazi asiyejua Hisabati asijione hana msaada. Kazi yako si kukokotoa. Mwambie mtoto akueleze swali la kwanza kwa sauti, hatua kwa hatua, kama anamfundisha mdogo wake. Mahali atakapoanza kujiumauma, hapo ndipo alipokwama. Weka alama ya nyota, mwalimu ataiona kesho.

Kwa masomo ya kukumbuka, kama Uraia na Maadili, Sayansi na Maarifa ya Jamii, acha kusoma notisi mara tano. Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliosoma kisha wakajijaribu kukumbuka bila kuangalia, baada ya wiki moja walikumbuka zaidi ya wale waliorudia kusoma. Jambo la kuchekesha ni kwamba dakika tano baada ya kusoma, waliorudia ndio walioonekana vizuri. Ndiyo maana mtoto akikusomea notisi usiku unadhani ameiva, halafu Ijumaa jaribio linamwangusha. Njia ya nyumbani ni rahisi: asome ukurasa mmoja, afunge daftari, aandike kwenye karatasi chakavu yote anayokumbuka, afungue, ajisahihishe kwa kalamu nyekundu. Dakika kumi na tano kwa somo.

Na awe na daftari moja dogo la makosa. Kila kosa alilofanya kwenye jaribio au homuweki linaandikwa humo, swali na jibu sahihi. Jumamosi anayafanya tena bila kuangalia. Likimshinda tena linabaki, akilipata mara mbili linakatwa. Kufikia Septemba daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kitabu chochote cha maswali na majibu kinachouzwa Kariakoo.

Hatua ya tano: jioni yenyewe

Hisabati au Kiingereza, lolote linalomtisha zaidi, lianze. Dakika 30, mapumziko matano ya kusimama na kunywa maji, dakika 25 za la pili, na mwisho dakika 10 au 15 za kusoma kitu kwa utulivu. Simu ikae chumba kingine, ikiwamo yako. Kama homuweki imetumwa WhatsApp, inakiliwe karatasini au ifunguliwe mara moja, maana mtoto hawezi kusoma swali la Sayansi huku vichekesho vinaingia juu ya kioo.

Familia nyingi za hapa zinaishi chumba na sebule, na saa moja na nusu usiku ndiyo saa ya tamthilia. Usimfukuze mtoto akasome barazani kwenye mbu. Kaeni mkubaliane: televisheni inazimwa kuanzia saa 12:30 hadi saa 1:40, nyumba nzima. Bibi akilalamika, mwambie ni hadi Septemba tu. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha tarehe ishirini na tano, taa ndogo ya sola inatosha kuokoa dakika arobaini. Kama hakuna mwanga, hakuna kazi ya kuandika usiku huo. Muulizane methali na vitendawili gizani, kisha alale.

Saa ikifika, mnafunga. Hata kama yamebaki maswali tisa. Hii ndiyo hatua inayowashinda wazazi wengi, kwa sababu wanaogopa kesho mtoto atachapwa. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni hatua inayofuata.

Hatua ya sita: zungumza na mwalimu, kwa namba

Mwalimu wa shule ya serikali hapa mjini anaweza kuwa na watoto 120 mbele yake. Akitoa maswali 40, ni maswali 4,800 ya kusahihisha. Hata akitumia sekunde tano kwa swali, ni saa 6 na dakika 40 bila kunyanyua kichwa. Hayasahihishi, na hawezi. Anaweka vema moja kubwa ukurasani na kusaini. Ukimwendea kwa kumlaumu, mtagombana. Ukimwendea na namba, mtasaidiana.

Usiku ule mnaofunga kabla ya kumaliza, andika kwenye daftari au tuma ujumbe wa namna hii:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi Mama Salma wa 7B. Jana Salma alianza Hisabati saa 12:30, kafanya maswali 14 kwa dakika 40. Kumi kapata, manne yamemshinda, yote ni ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nikamwambia aishie hapo akalale. Naomba umwangalie kwenye hayo manne ukipata nafasi. Ahsante sana kwa kazi, Mwalimu."

Angalia ujumbe huo unafanya nini. Haumwambii mwalimu ametoa kazi nyingi. Unampa habari ambayo asingeipata kwenye daftari 120, na unambebea mtoto lawama. Mwalimu mdogo kwa umri usimwamkie shikamoo, "habari za kazi, Mwalimu" inatosha, ila heshima ibaki ile ile.

Kama wazazi watano wa darasa moja wamepima na namba zinafanana, jambo limekuwa la darasa zima. Lipelekeni kwa mwalimu wa taaluma au kwenye kikao cha wazazi. Msilimwage kwenye grupu, ambako litaishia kwa mtu kutuma sauti ya dakika nne. Pendekezeni mambo mawili yanayowezekana: masomo yagawiwe siku, ili Hisabati na Sayansi zisitoe kazi usiku mmoja na Maarifa ya Jamii, na kazi iwe maswali kumi yanayosahihishwa darasani kwa kubadilishana madaftari. Shule nyingi hazina ratiba ya homuweki kabisa. Kila mwalimu anatoa yake bila kujua mwenzake katoa nini, na hapo ndipo dakika 20 za kila mmoja zinapogeuka saa mbili na nusu.

Kwenye shule za ingilishi midiamu za kulipia mambo hugeuka kidogo. Homuweki nyingi huko hutolewa kwa ajili ya wazazi, wanaopima shule kwa uzito wa begi. Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini mabango ya barabarani bado yanajisifia wastani. Mzazi anayelipa ada ana sauti. Aitumie kuuliza kazi ngapi zilisahihishwa wiki iliyopita. Aache kuuliza ngapi zilitolewa.

Hatua ya saba: tuisheni ihesabiwe

Tuisheni ya saa moja na nusu ni homuweki ya saa moja na nusu. Siku ya tuisheni, dari limekwisha kujaa, mtoto akirudi anakula na kulala. Hakuna namna nyingine ya kuifanya hesabu hiyo.

Kabla ya kulipa buku (elfu moja) la leo, jiulize anakwenda kwa somo gani na hadi lini. "Masomo yote, hadi amalize" si jibu. Tuisheni yenye maana ina somo moja au mawili, watoto wasiozidi kumi na tano, na mwalimu anayeweza kukuambia kwa mdomo mwanao amekwama wapi. Sebule yenye watoto 50 wanaonakili maswali ubaoni ni darasa la pili la msongamano, safari hii la kulipia. Na niseme lililo wazi: pale ambapo mwalimu anayefundisha asubuhi ndiye anayetoza jioni, kuna kishawishi cha kuacha mada nusu darasani. Sisemi wote wanafanya hivyo. Mshahara wao unajulikana, na wengi wanajituma. Ila mzazi aangalie kama watoto wasiokwenda tuisheni wanamalizishiwa mada.

Masomo ya ziada ya shuleni baada ya saa 8:30 nayo yanahesabiwa. Yakifika saa 10:30, mtoto amefanya yake.

Hatua ya nane: kama homuweki ni kidogo au haipo

Shule nyingi za Kayumba, yaani za msingi za serikali, hasa zinazosoma kwa zamu mbili, shida yao ni kinyume. Mtoto anarudi saa 7 mchana, daftari jeupe, anashinda mtaani. Hapo mzazi ndiye wa kupanga, na dakika 60 zinatosha: 20 za kusoma Kiswahili au Kiingereza kwa sauti, 25 za Hisabati, 15 za kujijaribu somo moja la kukumbuka. Maswali si lazima ununue. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao yake, na pepa za mitihani ya miaka ya nyuma zinapatikana mtandaoni. Wazazi watatu wa mtaa mmoja wakichanga bando na karatasi za fotokopi, watoto watatu wamepata pa kuanzia. Wakikaa pamoja ukumbini kwa mmoja wao itakuwa bora zaidi, maana anayeelewa akimweleza mwenzake wote wawili wananufaika.

Hatua ya tisa: Julai hadi Septemba

Mtihani hufanyika siku mbili mwezi Septemba. Kuanzia katikati ya Julai una wiki nane hivi. Jioni za shule panda hadi dakika 90. Jumamosi asubuhi, saa 2:30, afanye pepa mbili kamili, kwa muda ule ule ulioandikwa juu ya pepa, mezani, bila kuuliza mtu. Wiki nane ni pepa 16, kila somo limepitiwa mara mbili na mengine zaidi. Inatosha kabisa. Zisahihishwe mchana ule ule, makosa yaingie kwenye daftari dogo. Pepa isiyosahihishwa ni karatasi ya kufungia maandazi. Jumapili apumzike.

Maswali mengi ni ya kuchagua na majibu yanajazwa kwenye fomu maalumu kwa penseli ya HB. Afundishwe kusiliba vizuri, kufuta safi, na kuangalia namba ya swali na ya fomu kila baada ya maswali matano. Wapo watoto wanaojua jibu na kulijaza mstari wa jirani. Zoezi hilo ni la dakika kumi tu, na linaokoa alama ambazo tuisheni ya mwezi mzima haiwezi kuzileta.

Wiki ya mtihani shuka hadi dakika 30 na daftari la makosa tu. Hakuna mada mpya. Mwenye kumwamsha mtoto saa 9 usiku siku ya mtihani ili "apitie" anampeleka kwenye Hisabati na kichwa kizito.

Katika wiki zote hizo, tazama mwili wake. Kichwa kuuma kila Jumapili jioni, tumbo kuuma asubuhi za shule tu, kulia akiona daftari, kusinzia kwenye gari hata akiwa amekaa mbele, alama kushuka wakati kazi inaongezeka. Ukiona mawili kati ya hayo kwa wiki mbili, punguza nusu kwa wiki nzima uone. Akiwa anakunja macho kusoma ubaoni, mpeleke akapimwe macho kwanza, maana mtoto asiyeona vizuri huchukua mara mbili ya muda na kuitwa mzembe.

Baada ya mtihani

Ana miezi mitatu na zaidi kabla ya kidato cha kwanza. Wiki mbili za mwanzo mwache kabisa. Kisha, kwa mtoto wa Kayumba hasa, nusu saa ya Kiingereza kila siku, kwa sababu sekondari atakuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati kwa lugha hiyo. Kozi za maandalizi zipo kila mtaa, na nyingine ni nzuri. Kama hela hakuna, kitabu cha Hisabati cha kidato cha kwanza ndicho cha kuanzia, kwa kuwa mada za mwanzo anazijua tayari na kinachobaki kuwa kigeni ni maneno tu. Utakipata kwenye ile maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, na asiye na simu janja ajaribu Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, siku za kazi asubuhi kabla hapajajaa.